Kitasa cha Mlango wa Abiria

Wanawake wa mtaa ule walipochoshwa na waume zao, walikuwa na mfano mmoja tu wa kuwachoma nao: fundi viatu mstaafu wa nyumba ya kona. Walimwita Bwana Heshima. Kila aliposimamisha gari lake jeupe, alishuka, akalizunguka kwa mbele, akamfungulia mkewe mlango na kusimama wima mpaka bibi ametua miguu yote miwili chini. Mwaka nenda mwaka rudi, jua liwake, mvua inyeshe. Waume wa mtaa walimwitikia salamu kwa shingo upande.

Kisa chenyewe alikijua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani. Zamani, gari likiwa bado geni kwake, kitasa cha ndani cha mlango wa abiria kilikatika. Siku ile alizunguka kumfungulia mkewe kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na mkewe akamtazama kama alivyomtazama siku ya posa. Akasema kitasa atakishughulikia kesho. Kesho hiyo haikufika.

Sasa macho yalikuwa yamechoka na gari likawa la kuuzwa. Aliyelitaka ni muuza nyama, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliinama uvunguni, akapiga magurudumu teke, akanusa hata moshi. Bwana Heshima akamhakikishia kwamba gari halina kasoro, akaongeza kuwa kizuri chajiuza. Hakukusudia kudanganya. Kwa mtu aliyeuzoea, mlango ule haukuwa mbovu. Ulikuwa na adabu zake.

Muuza nyama akaomba kulijaribu pamoja na mama mkwe wake, maana gari lilikuwa la kumpeleka yeye hospitali. Wakaondoka kwa amani. Waliporudi, honi ilitangulia.

Kumbe njiani muuza nyama alisimama dukani kununua sabuni, akakutana na mtu wa kupiga naye soga. Mama mkwe akachoka kungoja. Akavuta kitasa, kikacheza tu kama jino la mtoto. Akagonga kioo. Wapita njia wakadhani anawasalimia, wakampungia mkono.

"Mzee," alisema muuza nyama, na nyumba ya nne ilisikia, "mimi mbuzi ndiyo kazi yangu. Leo ilibaki kidogo niuziwe mbuzi kwenye gunia."

Bwana Heshima akaufungua mlango kwa nje, akampa mama mkwe mkono, akamshusha kama yai. Kisha akaanza kujikongoja kwa maneno: huenda mama alikuwa na haraka, huenda kitasa kilivutwa vibaya. Muuza nyama akataka aoneshwe kinavyovutwa vizuri. Majirani walikuwa wameshatoka. Mbele yao alisimama kinyozi, mume aliyeteseka kuliko wote kwa ule mfano wa Bwana Heshima, mikono ameifunga kifuani. Na kizingitini, kitambaa cha jikoni mkononi, alisimama mke wa Bwana Heshima.

Hapo akabanwa. Akisema kitasa ni kizima, ataitwa tapeli, yeye ambaye hakuwahi kumrudishia mteja kiatu chenye uzi uliolegea. Akisema ni kibovu, mkewe atajua kwamba mapenzi yale yote yalikuwa kitasa kilichokatika. Jina la mtaani lingekwenda, na liende. Lakini yule pale kizingitini?

"Nijibu moja tu, mzee," alisema muuza nyama. "Ulijua, au hukujua?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mlangoni kwake.

"Nilijua," akasema, akimtazama mkewe wala si mnunuzi. "Kilikatika zamani. Kwa ndani haufunguki."

Kinyozi akaangua kicheko cha mtu aliyetoka kifungoni.

Bibi akashuka ngazi taratibu. "Mwanangu," akamwambia muuza nyama, "usimlaumu peke yake. Fundi wa magari alitaka kukitengeneza. Mimi ndiye niliyemwambia akiache."

"Ulijua?" akauliza Bwana Heshima.

"Nikalie kiti kile miaka yote nisijue? Mlango haukufunguka kwa ndani, sawa. Lakini, mzee wangu, kitasa ndicho kilichokwambia usimame mpaka nitue miguu yote miwili?"

Kicheko cha kinyozi kikafia njiani. Mke wa kinyozi alikuwa anamwangalia.

Muuza nyama naye sauti ikapungua. Akasema basi, gari atalichukua, ila kitasa kitengenezwe kwanza. Lilikuwa neno la haki, na Bwana Heshima akalikubali papo hapo. Aliyekataa ni mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa ameegemea boneti akisikiliza.

"Gari chukua," akasema. "Kitasa kisiguswe. Utakuwa unanifungulia wewe."

Mkwe habishiwi. Muuza nyama akasema ndiyo mama, kwa kisauti ambacho hakuna aliyejua kama anacho, akazunguka kwa mbele na kumfungulia.

Gari jeupe lilipopotea kwenye kona, Bwana Heshima alibaki akitazama vumbi. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshatangulia nyumbani. Mlango wa nyumba ulikuwa umejirudisha, na bibi alisimama mbele yake, kitambaa begani, mikono mitupu, akingoja.

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kizima kabisa. Bwana Heshima akapita mbele yake, akaufungua.