Matanga ya Mama Yake Turdakun

Turdakun Jeenaliev alitufundisha hesabu kabla hatujampeleka bungeni, kule mji mkuu, Bishkek. Tulimchagua mara mbili. Katika kipindi cha pili akapeleka mswada wa kukataza kuchinja farasi msibani. Alikuwa amewaona wajane wakichinja hata farasi jike wao wa mwisho wa kukamuliwa ili wageni wale, kisha watoto wakakosa maziwa msimu mzima.

Wabunge wakacheka. "Mheshimiwa," mmoja akamuuliza, "siku ukifa wewe tutatafuna nini, hotuba zako?"

Mswada ukaanguka. Naye akaapa mbele ya kamera: msiba ukitokea kwake, wageni watapewa chai na mkate, basi.

Mwaka haukuisha, mama yake akafariki hapa kijijini. Tukasimamisha hema la sufu uani kwake, wanawake wakaingia kumlilia marehemu, na Turdakun akasimama nje akiegemea fimbo, kama wafanyavyo kwetu watoto wa kiume ili wageni wawakumbatie. Ndipo kaka yake, Kalmurza, akatokea akivuta farasi mwekundu.

"Kaka, mrudishe zizini."

"Huyu unajua ni wa nani? Mama kamlea miaka minne, kamnenepesha kwa mkono wake kwa ajili ya siku hii. Hata wewe alikwambia."

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Nimeapa, kaka. Nchi nzima ilinisikia."

"Nchi nzima ndiyo iliyokuzaa? Haya, baki na chai yako."

Kalmurza akavuka barabara, akamchinja farasi uani kwake. Baada ya maziko tulikaa na Turdakun kwa adabu, kikombe kimoja kimoja, tukamega mkate, dua ikasomwa. Kisha mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akaumwa mgongo. Sote tukaishia ng'ambo. Nami nilivuka, nikala, tena nikafungiwa nyama ya kupeleka nyumbani.

Kutoka kule tulimwona. Alisimama palepale kando ya hema, akilia kwa sauti, vile mwana anavyotakiwa kumlilia mama yake, na hapakuwa na wa kumkumbatia.

"Mtu akamwite jamani," mke wa Kalmurza alisema.

Kalmurza aliendelea kukata nyama. Hakuna aliyeinuka.

Uchaguzi uliofuata hatukumpa hata nusu ya kura zetu. Mkewe alibaki Bishkek na wajukuu. Yeye akarudi kwenye nyumba ya mama yake. Kalmurza humwitikia salamu kwa kichwa tu.

Wiki iliyopita nilipita mlangoni kwake.

"Sheraly! Karibu ndani."

"Nina haraka, mwalimu."

"Hata kikombe kimoja?"

Nikaingia. Tukazungumza habari za theluji na bei ya nyasi. Nilitaka kumwambia neno kuhusu siku ile, nikarudia bei ya nyasi. Naye alinimiminia chai kidogo kidogo, tone juu ya tone, kama tunavyommiminia mgeni tusiyetaka aondoke.