Alama Nyekundu Chini ya Mkanda

Walimwita Gramu, na jina lilimkaa. Alikuwa mfamasia, na mizani aliyopimia dawa ndiyo hiyo hiyo aliyopimia bolti za baiskeli yake akishafunga duka. Mkewe alishachoka kusema. Mtu anayejua uzito wa kila nati na hajui mwanawe yuko darasa la ngapi, utamwambia nini?

Kila Jumamosi asubuhi yeye na wenzake walikutana kituo cha mafuta, matumbo yao yamebanwa ndani ya nguo za mbio, wakatundika baiskeli moja moja kwenye mizani ya ndoano. Hapo ndipo maringo yalipotolewa: huyu magurudumu mapya, yule kiti chembamba kisichokalika. Mwenye baiskeli nzito kuliko zote alibebeshwa pampu, spana na tyubu za akiba za kundi zima, kisha akaendesha nyuma.

Kwa wiki tisa mfululizo mzigo huo ulibebwa na mwalimu wa jiografia, mume wa dada mkubwa wa Gramu. Mwalimu hakujali.

"Punda wenu yuko tayari, leteni mizigo!" alisema kila mara, na watu wakavunjika mbavu.

Gramu hakucheka. Shemeji yake kuitwa punda, hata kama amejiita mwenyewe, kulimchoma yeye.

Mwezi uliotangulia Gramu alikuwa ameingia shimo akaanguka. Fundi wao, mzee wa maneno machache, aliufungua usukani wake wa kaboni, akaubandua mkanda wake na kuugonga kwa sarafu toka ncha hii hadi ile. Ulilia ti, ti, ti. Karibu na katikati ukalia du.

"Huu umekufa," fundi alisema, akachora alama nyekundu ya mkasi pale pale. "Kaboni haipindi kwanza ikakuonya. Siku ikichoka inakatika. Ngoja nilete msumeno."

Ndivyo walivyofanya karakana ile: usukani ulioumia ulikatwa vipande viwili mbele ya mwenyewe, asije mtu akautamani. Gramu akasema ataukata mwenyewe nyumbani. Fundi alimtazama kidogo, akampa.

Hakuukata. Kitu cha gramu mia moja tisini na nane, cheusi, kinang'aa, mikono yake ilikataa. Akanunua mwingine, mwepesi zaidi, na ule wa zamani akauweka juu ya kabati.

Baada ya Jumamosi ile ya tisa aliushusha. Akauzungushia mkanda mpya mweupe, alama ikafunikwa, akampelekea shemeji.

"Si ndio uliokuwa unautumia wewe?" mwalimu aliuliza, akiugeuzageuza.

"Ndio. Nimepata mwingine. Huu utakutoa kwenye upunda."

"Una moyo, shemeji. Una moyo kweli."

Njiani kurudi Gramu alijiambia kwamba ufa wenyewe ni unywele tu, kwamba fundi ni mwoga, kwamba shemeji haendi kasi. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu asiye na wasiwasi.

Jumamosi mizani ikamwondolea mwalimu mzigo, kwa gramu arobaini. Mtu mzima aliruka juu! Na kwa kuwa hakuwa wa nyuma tena, aliongoza. Kwenye mteremko wa darajani alibana breki, akauelemea usukani. Gramu, aliyemfuata, alisikia ta. Akamwona mwalimu ameshika kipande mkononi, baiskeli inakwenda upande wake, na ukuta wa daraja uko mbele. Hawakumfikisha hospitali akiwa hai.

Wiki moja baada ya mazishi, polisi waliirudisha baiskeli nyumbani kwa dada. Fundi alikuwa amekuja kutoa pole, na Gramu alikuwapo. Dada aliketi uani na vipande viwili vya usukani mapajani. Mkanda mweupe ulikuwa umefunguka.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayevijua vitu hivi. Hii alama nyekundu ni ya nini?"

Uongo ulikuwepo, tena mwepesi: angesema ni ya kiwandani. Aliinua macho, yakakutana na ya fundi.

"Maana yake usitumike tena," Gramu alisema.

"Nani aliichora?"

"Fundi."

Dada alimgeukia mzee, mzee akainamisha kichwa. Akarudi kwa mdogo wake, na sauti yake haikupanda.

"Aliichora lini?"

Gramu, aliyejua uzito wa kila nati, aliijua na tarehe. Akaitaja.

Dada akaanza kuhesabu kwa vidole, wiki baada ya wiki, mpaka akaifikia jioni ile mumewe alipoingia ndani akicheka, usukani mkononi, akimwambia aje aone ndugu yake alivyo na moyo.