Vipindi vya Pai

Mgomo wa walimu wa sekondari ulipofikia mwisho, aliyetia saini kwa niaba yao alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye wenzake walimwita Kipaza. Jina lenyewe hakupewa bure. Sauti yake ilitoka maabara ikafika getini bila msaada wa umeme, na walimu walipochoka kupigwa danadana na wizara, hawakuhangaika kutafuta msemaji. Walimsukuma yeye mbele.

Aliyemfuata wa kwanza kabisa alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Pai. Naye alifundisha hesabu shuleni hapo hapo, ila alikuwa mwalimu wa muda, wale wanaofanya kazi sawa na wenzao halafu wanalipwa kama wapita njia. Hata barua ya ajira hakuwa nayo. Asubuhi mgomo ulipoanza, alimvuta dada yake nyuma ya stoo ya madawati.

"Dada, mimi nikigoma si ndiyo nimejifukuza mwenyewe?"

"Nani akufukuze na mimi nipo? Tunatoka wote, tunarudi wote."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe. Pai akatoka, tena kwa mbwembwe zote. Akawa ndiye mbeba mabango, ndiye mwimbishaji, ndiye anayewavunja mbavu wenzake jua likiwawakia utosini.

Chumba cha mazungumzo kilikuwa na feni isiyozunguka na ofisa wa wizara mwenye adabu iliyopitiliza. Alikubali nyongeza ya mishahara. Alikubali nyumba za walimu zikarabatiwe na madarasa yaliyofurika yagawanywe. Kipaza alianza kuamini kwamba mambo yamenyooka, mpaka alipouliza habari za walimu wa muda.

"Hao hawamo," ofisa alisema taratibu. "Mama, mtu asiye na ajira anagomea nini? Nafasi zao zimeshafungwa. Vipindi vyao mtagawana wenyewe."

"Basi hatusaini."

Ofisa akafunika kalamu yake. "Sawa. Na yote niliyokubali yanarudi kabatini."

Kipaza akamgeukia mwenzake wa kamati, mzee wa jiografia aliyekaribia kustaafu, ambaye mkewe alikuwa amelazwa na gharama za dawa zimewashinda. Mzee alishika tama tu, machozi yakimlenga. Angemgombeza, ingekuwa rahisi zaidi. Na nje walingoja walimu tele, kila mmoja na nyumba yake yenye njaa. Kipaza akasaini, na sauti ile ya kufika getini haikutoka hata kidogo. Alaumiwe? Haya, alaumiwe. Lakini anayemlaumu amtazame kwanza yule mzee usoni.

Nje walimbeba juu juu wakimwimba. Alimtafuta mdogo wake kwa macho asimwone. Wakamwambia amewahi nyumbani kujiandaa na Jumatatu. Akamkuta sebuleni anapiga pasi.

"Shujaa wa wizara huyo!" Pai alimpokea. "Lete na gauni lako nilinyooshe. Jumatatu tuingie kama maharusi!"

Kipaza aliketi na mkoba bado begani.

"Mdogo wangu, walimu wa muda hawamo."

Mkono wa Pai uliendelea kwenda na kurudi pale pale kwenye kola.

"Hawamo kwenye nyongeza?"

"Hawamo shuleni."

Akachomoa pasi. Kipaza alingoja atukane, apige meza, amkumbushe alichoahidiwa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa hayo. Pai akavuta kiti akakaa karibu yake.

"Vipindi vyangu amepewa nani?"

Jibu alilijua mwenyewe. Walimu wa hesabu pale shuleni walikuwa wao wawili tu.

"Mimi."

"Afadhali." Akajifuta uso kwa shati lile lile alilotoka kulinyoosha. "Kidato cha pili wameishia kwenye milinganyo. Usiwakimbize, dada, najua mbio zako. Yule binti mrefu wa nyuma haoni ubaoni, ila anaona haya kusema. Mlete mbele kama vile unamwadhibu kwa kosa la kupiga kelele. Na yule mcheshi wao, akicheka sana ujue hajaelewa kitu."

Alimkabidhi darasa zima namna hiyo, mtoto mmoja mmoja, bila karatasi. Kipaza alilia waziwazi, hakuona sababu ya kujificha. Ilimuuma kwamba hakugombezwa.

"Wakiniulizia," Pai alisema, "usiwaambie nimefukuzwa."

"Niwaambie nini?"

"Waambie mimi bado nipo kwenye mgomo."