Haukuwa Mchanga Wangu

Mimi Kadzo sina dogo. Nikisingiziwa jambo, sili wala silali mpaka nijitoe. Watu hapa Malindi wananijua hivyo, na wengine hunisifu. Wangejua nilivyojitoa siku ile nyumbani kwa Bibi Labhuben, wasingenisifu.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vyetu na serikali. Sisi Wagiriama tuliokuwa ng'ambo ya Sabaki tulifukuzwa, nyumba zikachomwa na mahindi yakiwa dohani, juu ya meko. Nilishuka Malindi na mama yangu mgongoni, miguu imemvimba hata kukanyaga hawezi. Bibi Labhuben, mjane wa Kihindi, alinipa chumba nyuma ya ua wake, nami nikawa namtekea maji, namfagilia na kumsugulia masufuria. Chumba kile ndicho kilikuwa kila kitu. Kikitutoka, mimi na mama hatuna mbele wala nyuma.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wajane wawili. Bibi Labhuben alizaliwa Lamu, Kiswahili chake kinanipita mimi, ila macho yalikuwa yameingia ukungu hata watu akiwajua kwa sauti. Wa pili alikuwa Anjana, mke wa marehemu mwanawe, msichana wa miaka kumi na tisa, na ujane alikuwa nao tangu kumi na sita. Katika jamaa yao mjane hunyolewa kichwa, tena hunyolewa kila mwezi mpaka siku ya kufa kwake. Bibi Labhuben alikuwa na miaka thelathini ya ujane hajui chanuo. Tangu macho yake yaharibike, Anjana ndiye aliyekuwa akimnyoa, kisha huingia chumba cha kuogea na wembe, ajinyoe mwenyewe. Hutoka na nguo nyeupe imemfunika hadi kwenye nyusi.

Bibi hakuwahi kunigusa. Nikimpa kitu, nakiweka chini kwanza, ndipo akiokote. Jikoni siingii. Nilikwisha zoea. Lakini Anjana, mavyaa yake akishazama katika sala zake, huvuka ua kwa kunyata, akaja chumbani kwetu, akamkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi. Kwa mikono yake miwili! Mama akawa anamwita mwanangu.

Basi asubuhi moja maji ya kuogea yakagoma kwenda. Bibi aliingia kuoga, akajimwagia kata tatu nne kutoka birikani, maji yakampanda vifundoni, yana utelezi na uvundo. Alitoka akipiga kelele.

"Kadzo! We Kadzo! Umeniziba tundu la kutolea maji kwa mchanga wako!"

"Mchanga gani, Bibi?"

"Wa kusugulia masufuria. Unaona uvivu kuutoa nje, unaumwaga tunduni kwangu. Maji yakikaa, ukuta utaoza na nyumba itatuangukia. Nikijua ni mchanga, leo hii mchukue mamako mwende zenu."

Loo! Maneno yale yalinikata maini. Mchanga wangu nilikuwa nikiuzoa kwa viganja mpaka punje ya mwisho, nautupa nyuma ya ukuta. Na mama yangu ametajwa vipi hapo?

"Bibi, nitalizibua tundu mbele yako," nikamwambia. "Keti mlangoni. Kikitoka cha kutoka, utakishika mwenyewe."

Nikaenda kisimani. Nikachukua ufito mrefu, nikafunga nchani ndoana ya papa niliyokuwa nimeiokota pwani. Hapo Anjana akanijia, uso umemparama.

"Kadzo, liache. Nitalizibua mimi, Bibi akilala mchana."

"Niliache? Hukusikia alivyosema?"

"Mwambie ni mchanga. Sema ulipitiwa. Mimi nitakuombea msamaha, hatawafukuza, nakuapia."

"Msamaha wa kosa gani?" Roho ilinipanda. "Nawe pia! Kumbe unakuja kwetu na mafuta yako, na moyoni waniona mchafu kama anionavyo mavyaa yako!"

"Sivyo, Kadzo."

"Ni vipi, basi? Sema!"

Alifungua kinywa, akatazama mlangoni alikoketi Bibi, akakifunga. Angenong'ona neno moja tu! Lakini nami sikumpa nafasi. Nilimpiga kikumbo nikapita na ufito wangu.

Bibi alikwisha wekewa kigoda. Nilijipinda, nikautia ufito katika tundu na kuusokota. Kitu kikanasa, kizito, kinavutika lakini hakikubali. Nikavuta. Maji yakatoa pumzi mbaya. Nikavuta tena, na nje kukatoka kishungi cheusi kinachoteleza kwa mafuta, kirefu, hakina mwisho. Sikuona mchanga hata punje. Nilitaka kupiga kigelegele.

Halafu nikaona ni nini. Zilikuwa nywele, za kuanguka katika chanuo, zilizoviringwa vidonge vidonge na kusukumwa tunduni. Nikaunyosha mmoja kwa vidole, ukawa karibu dhiraa nzima. Nywele zangu mimi ni kipilipili, tena naogea uani. Katika chumba kile huoga watu wawili tu, na wote wawili ni vipara.

Nikainua uso. Anjana alikuwa amesimama nyuma ya mavyaa yake, anatikisa kichwa polepole, mikono ameishika kifuani. Nilielewa yote. Nisije nikasema leo kwamba sikuelewa. Miaka mitatu mtoto wa watu alikuwa akiingia mle na wembe, akijifungia, akachana nywele zake na kuzipaka mafuta, basi. Hakuna aliyeziona ila yeye. Yale mafuta aliyomkandia mama yalikuwa ya nywele zake.

"Je?" akauliza Bibi. "Mbona kimya? Mchanga, sivyo?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema ndiyo. Ningesema ni makumbi ya nazi, ni panya aliyekufa, na kile kishungi nikakitia chini ya kanga. Macho yake yasingejua.

"Ni mchanga," akasema Bibi, anainuka. "Nenda kamwambie mamako akunje mkeka."

Nikakiweka kile kishungi sakafuni, mbele ya miguu yake.

"Shika mwenyewe," nikasema.

Aliinama akakiokota. Alikipapasa, akavuta unywele mmoja kwa urefu wake wote, akaunusa.  Nilitazamia apige kelele, na ingekuwa afadhali. Aliivuta nguo yake nyeupe ikamwangukia mabegani, nikaona kile kichwa chake, kimejaa makovu madogo ya wembe.

"Miaka thelathini," akasema. "Nilidhani uko nami, Anjana."

 Anjana alianza kulia bila sauti.

"Leta wembe. Kaa hapa chini." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi sioni. Mnyoe wewe."

"Bibi, mimi? Mimi si wa kumgusa mtu wa nyumba hii."

"Tutaoga baadaye. Maji si yanakwenda sasa?"

Sikuutupa ule wembe nikatoka. Nilifikiri juu ya mama na miguu yake, nikafikiri njia ya Sabaki, ambako hapana tena kwetu. Nikamfunua Anjana kichwa. Nywele zilimshuka hadi katikati ya mgongo, zinanukia nazi. Alijiinamisha mwenyewe, ili nisisumbuke. Nilimkata mara mbili, na mara zote mbili akazidi kuinama.

Nilipomaliza, Bibi alipitisha kiganja juu ya kichwa kile, akaridhika.

"Nilikusingizia, Kadzo," akasema. "Haukuwa mchanga wako. Niwie radhi."

Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyataka tangu asubuhi. Yakawa machungu kama nyongo.

Chumba tungali nacho. Kila mwezi ukiandama, Bibi huniita, nami naushika wembe. Siku hizi hata vitu hupokea mkononi mwangu, ati mimi mwaminifu. Anjana huketi mwenyewe bila kuambiwa. Havuki ua tena. Mama bado hulaza miguu yake karibu na mlango alasiri, anauliza mwanangu wa mafuta yuko wapi, mbona siku hizi haji. Namwambia ana kazi nyingi. Na lile tundu halijaziba tena.