Povu Kwenye Mguu wa Marcellin

...na povu likazidi kupanda, jeupe, zito, likafunika kidonda chote mpaka vidole vyeusi vya mguu vikabaki kuchungulia pembeni tu, na Mwalimu Hippolyte akajikuta anafurahi, ndiyo, anafurahi, mtu mzima na kitambi chake na miwani iliyofungwa uzi, ameinama juu ya mguu wa mdogo wake katika kituo cha afya cha Wamaza, anashangilia mapovu kama aliyeona bao la timu yake, moyoni anasema panda, baba, panda... "Angalia, shemeji, inachemuka!" Chimène, mke wa Marcellin, alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, "si unaona? Nyama iko nzima, mguu uko unapigana, nani atakata mguu unaopigana?" na nyuma ya maneno yake ilisikika piki ya Pitchou, kijana wa kubeba abiria, huko nje, haijazimwa, inakohoa, kwa sababu Pitchou alikwisha kuapa kwamba akiizima haitawaka tena, na njia ya kwenda Kasongo haimngojei mtu mvua ikishaanza... Mama Marguerite, muuguzi, hakutazama povu, alimtazama Hippolyte, chupa ya ile dawa ya kuoshea vidonda, eau oxygénée, bado imeinama mkononi mwake, "Mwalimu, miye nimekwisha sema, mguu umekufa, hapa hatuna wa kukata, Kasongo doktere iko, lakini mugonjwa hatapandishwa kwenye piki bila neno la mukubwa wake, na mukubwa ni weye"... Neno. Lote hilo kwa neno moja, na yeye ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alimaliza maneno Kisangani, akamaliza Lubumbashi, akavuka ziwa akawachosha watu wa Kigoma, leo neno moja linamshinda, maana kwao mwili wa mtu si wake peke yake, ni wa ukoo, waliouzaa ndio wanaoufungua na kuufunga, hata mzee Ramazani alipokuwa akatwe kidole walikaa wakamngoja mjomba wake atoke Nyangwe, kidole kikinuka nao wakinywa chai, na Hippolyte kijana msomi alicheka kweli, akasema ukoo mzima unaitisha kikao kwa ajili ya kidole kimoja, cheka, Hippolyte, cheka sasa, baba amekwenda, wajomba wamekwenda, kikao ni weye peke yako na kitambi chako... Lakini povu linapanda. Haya, povu, hilo analijua, ndilo lililompa jina, wanafunzi wake wa Kasongo hawamwiti mwalimu wa kemia, wanamwita Baba Povu wakidhani hasikii, kwa ajili ya somo lile moja analolipenda kuliko yote, wanapasua mawe ya redio, betri zilizokwisha, wanatoa ule unga mweusi, vidole vyao vinakuwa kama vya makanika, chembe kidogo tu ndani ya glasi ya dawa hii hii na glasi inafufuka, "mumeona, wanangu? Dawa inavunjika, inakuwa maji na oksijeni, na unga wetu? Unga haukupungua! Kichocheo ni mshenga, anawakutanisha wawili, ndoa inafungwa, anakula wali, anarudi kwake vile vile alivyokuja," halafu anawainamisha watazame karibu, pua kwenye glasi, waone kwamba kiputo hakizaliwi ovyo katikati ya maji, kinataka mahali pa kushika, mkwaruzo, kijishimo, ukingo wa chembe, hapo ndipo gesi inakusanyika kidogo kidogo, kiputo kinanenepa, na kadiri kinavyong'ang'ania ndivyo kinavyopafunika mahali penyewe, dawa mpya haipagusi tena, chini yake kazi imesimama, ingawa kwa juu unaona uzuri mtupu, kinang'aa, kina upinde wa mvua mgongoni, mpaka kinenepe kiasi cha kujing'oa... "kama weye na kiti cha mkurugenzi, Mwalimu!" alisema Naomie, yule binti wa dawati la nyuma, na darasa likaanguka kwa kicheko, naye mwenyewe akacheka zaidi ya wote, kile kiti alichopewa akikaimu kwa muda tu, jamani, kilimganda kweli... "Kaka." Sauti ya Marcellin, amelala uso ukutani, sauti imekauka. "Kaka, kunatoka povu?" na mdomo wa Hippolyte, mdomo usiongojea ruhusa ya mtu, ukajibu, "Povu? Ndugu yangu, hapa tungefua mashuka ya Kabambare nzima na sabuni ikabaki," Chimène akacheka, kicheko chenye machozi ndani, hata Mama Marguerite akacheka kwa pua, chumba kikawa chepesi kidogo, vizuri, ndiyo kazi yake, kila ukoo una mtu wa kuwapunguzia watu uzito... ameuliza. Marcellin ameuliza. Mtu anamiminiwa dawa kwenye kidonda kilicho wazi mpaka karibu na mfupa, halafu anauliza wengine kama kunatoka povu. Marcellin yule yule, aliyekuwa akitolewa mwiba kuku wanakimbia kwa mayowe yake, aliyemng'ata mama mkono siku ya sindano, anayelia kwa pilipili, leo amelala kimya kama anayeoshwa mguu wa mtu mwingine... mguu ule, ee Mungu, mguu ule ndio breki yake, baiskeli yake haina breki tangu mwaka uliotangulia mwaka jana, anaisukuma kutoka Kasongo na madumu ya mawese yamening'inia huku na huku kama masikio ya tembo, mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, na kwenye miteremko anatia kisigino kwenye gurudumu la nyuma, ndala inatoa moshi, anaimba, mguu ule uliwasomesha watoto, ukaezeka nyumba, na kisiki cha mwanzi kilipouchoma alifunga majani, akafunga kitambaa, akaendelea kusukuma, maana mawese hayajui kuugua... "Shemeji, tuongeze siku, nakuomba," Chimène alikuwa amepiga magoti sasa, "iache iendelee kuchemuka, Mungu iko, povu hili si la mutu aliyekufa," na hapo, kwenye neno kufa, ikaja harufu, hakuiita, ikaja yenyewe, harufu ya maini. Mwaka ule mawe ya redio yalipokosekana, watu wote wamenunua vitaa vya jua, akaenda kwa muuza nyama sokoni akaomba kipande cha maini ya mbuzi, maini ya jana, nzi wameshayaonja, akayatia kwenye glasi akamimina, na povu likapanda, likavuka ukingo, likatiririka mezani mpaka kwenye viatu vyake, wanafunzi wakapiga makofi, na mbuzi yule, nyama yake ilikuwa imeshaliwa, ngozi imeshatandazwa, hapakuwa na mbuzi tena duniani... povu halikuuliza. Haliulizi. Kilichomo ndani ya damu kinaivunja dawa mwenye damu akiwepo na akiwa ameondoka, kinatoa oksijeni, basi, si vita, si uhai, si jibu la sala, na alilijua hilo, si kwamba amelikumbuka sasa, alilijua alipokuwa akisema panda, baba, panda, akalifunika kwa furaha yake inayong'aa, akasimama juu yake, na chini yake hapakuwa na kazi yoyote iliyofanyika isipokuwa weusi ule kupanda, asubuhi ulikuwa kwenye vidole, sasa umefika wapi, tazama, mwalimu, usitazame povu, tazama pembeni ya povu... akatazama. Akaweka kiganja juu ya kifundo, akakuta baridi, baridi ya jiwe la mtoni, akapandisha kiganja mpaka chini ya goti, hapo pana joto, hapo bado yupo Marcellin, kutoka hapa kwenda juu kuna mtu mzima mwenye mke na nyimbo za miteremko, na kutoka hapa kwenda chini... na hilo joto nalo halitangoja kikao. Piki ikakohoa. Marcellin alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani, anamtazama kaka yake mdomoni kama alivyomtazama tangu utoto, anangoja mzaha, maana kwa Hippolyte mzaha hutangulia habari zote, njema na mbaya, hata baba alipokufa aliwachekesha wachimba kaburi mpaka wakaweka majembe chini, na Hippolyte akautafuta, akapekua Kisangani, akapekua Lubumbashi na Kigoma, akapekua darasani na sokoni, pakavu, hata kamoja, na ajabu ni kwamba hakuogopa ukavu ule, alisimama juu yake kama mtu aliyekanyaga chini baada ya kutapatapa majini, neno lilikuwa pale pale, dogo, halina mapambo... povu bado linapanda, chupa bado imeinama mkononi mwa Mama Marguerite, Chimène bado yuko magotini, hakuna aliyesogea, na Marcellin, aliyengoja mzaha akaona hauji, akaupeleka mkono taratibu mpaka ukalipata bega la mkewe, akasema, "Basi, kaka. Nimekwisha sikia. Sema sasa, na hawa wasikie."