Viatu vya Land Rover

Mzee Athumani Ntandu aliliosha lile Land Rover la wagonjwa siku ya Alhamisi, akaanzia ubavu wa kulia kama alivyoanza kila jambo jema. Alisugua tope jekundu la Oldeani hata lile lililojificha nyuma ya magurudumu, kwa kuwa tope likikaa miezi mingi hula bati kimyakimya. Dereva huyu alitoka Singida akiwa kijana, akazeekea katika shamba la kahawa; sasa ndevu zake nyeupe zilitetemeka kwa hasira. Tangu vita vya Uganda viishe, kibali cha petroli hakikutosha magari mawili. Moja lilipaswa kulazwa. Ndugu Sylvesta, meneja wa shamba, alilaza lile la wagonjwa, akaliacha litembee lile alilobebea wageni wake.

"Na sisi je, mzee?" Natalia alimuuliza. Alikuwa mchumaji wa kahawa, na wanawake wenzake wa kambi walisimama nyuma yake na vikapu. "Tukiugua tupande mgongo wa nani?"

"Gari halikufa, mama Leonida. Nalilaza tu. Siku ya haja, asubuhi moja yatosha kuliamsha."

Wanawake wote walilisikia neno hilo, naye akajua kwamba amekwisha kujifunga.

Kwa hiyo alifanya kazi kama mtu anayeandaa kitu atakachoulizwa. Alimwaga oili chakavu akatia mpya. Alitoa maji yote katika rejeta. Betri aliichukua nyumbani kwake, akaiweka juu ya ubao, na kila mwezi aliipeleka kiwandani ikachajiwe. Bomba la moshi aliliziba kwa tambara lililolowa grisi, panya wasije wakalifanya makao. Kisha akapiga jeki pembe baada ya pembe, akalikalisha gari juu ya magogo manne ya mgrivea, ule mti wa kutilia kahawa kivuli, akavua magurudumu, kwani tairi linaloelemewa na uzito mahali pamoja kwa muda mrefu hupata bapa na kupasuka. Akayapunguza upepo, akayaosha kwa sabuni, akayakausha kivulini. Juu ya kila tairi akaandika kwa rangi nyekundu mahali pake: MBELE KULIA, MBELE KUSHOTO, NYUMA KULIA, NYUMA KUSHOTO. Mwisho akayalaza juu ya mbao katika ghala la kahawa, mbali na jua na mafuta ya taa.

Meneja akanyoosha mkono apewe ufunguo wa ghala.

"Hii ni amana, Ndugu Meneja," alisema Athumani. "Kila mwezi nitakuja kuyageuza, yasilalie upande mmoja."

"Mzee, wewe na amana zako!" Sylvesta alicheka, na makarani wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Gari limelala. Aliyelala anataka viatu vya nini?"

Mwezi wa kwanza Athumani alipokwenda, aliambiwa ufunguo umesahauliwa Karatu. Mwezi wa pili meneja alikuwa na wageni. Mwezi wa tatu akaulizwa mbele ya watu kama yeye ni dereva au mkaguzi wa serikali. Alirudi nyumbani akiwa ameuma midomo, akatawadha, akaswali, na hasira ikabaki palepale.

Jumatatu iliyofuata alimkuta Lengai, mlinzi wa shamba, Mmaasai wa Piyaya, ameketi amenyoosha miguu mbele ya lango. Amevaa katambuga mpya, vile viatu vya mpira wa tairi. Pembeni mwa soli ya kushoto palikuwa na herufi tatu za rangi nyekundu: MBE.

Athumani aliinama akaigusa ile rangi kwa kidole. Aliujua mkono wake.

"Lengai, viatu hivi umevipata wapi?"

"Mnada wa Karatu, mzee. Nusu ya kambi tumevaa hivi. Vizuri, eh? Hivi vitanizika."

"Na huyo fundi aliyevishona, mpira aliutoa wapi?"

"Kwa meneja wetu! Fundi anajisifu mnada mzima. Alimletea dume la ng'ombe, lile lililoliwa kwenye ubatizo wa mtoto wa meneja, akapewa matairi manne." Lengai akamtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Kwani kuna nini, mzee?"

Athumani aliinuka, akaenda zake. Kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba uangalifu wake mwenyewe ndio uliomrahisishia mwizi kazi. Aliyavua, akayaosha, akayapanga. Mwenzake akayabeba kama mtu achukuaye sahani mezani.

Siku ya tatu tawi la mgrivea lilikatika likamwangukia Tluway, mume wa Natalia, likamvunja paja. Hakuweza kuketi wala kukunjwa. Alitakiwa kulazwa, na kitanda kilikuwa katika lile gari la wagonjwa peke yake. Natalia alifika kwa Athumani akihema, kanga imemtoka begani.

"Mzee," alisema, "ile asubuhi yako imefika."

Walimkuta Sylvesta akipanda gari lake kwenda kikaoni Arusha.

"Fungua ghala," alisema Athumani.

"Ghala si la dereva. Mbebeni kwa machela, watu mko wengi."

"Kuteremka milima hii yote na mfupa umekatika? Fungua, watu waone ringi nne tupu!" Sauti ya mzee ilipanda, na lile neno Ndugu likamdondoka. "Sylvesta, mimi nimeishi na wezi. Nimemwona mwizi wa kuku, nimemwona mwizi wa kahawa. Sijapata kumwona mtu aliyeila miguu ya mgonjwa karamuni, akapangusa mdomo, akaja kuniuliza mimi ni nani!"

"Chunga ulimi wako, mzee. Una ushahidi gani?"

Lengai ndiye aliyejibu, bila kusema. Alivua katambuga zake, akaenda akaziweka chini ya ekseli ya mbele ya gari la wagonjwa, lililokuwa hapo juu ya magogo, upande wa kulia. Akafuata mpogoaji mmoja wa mikahawa, akafuata mwingine. Wale ambao soli zao zilikuwa na rangi walizigeuza juu ili isomeke. Muda si muda jozi ishirini na zaidi zilikuwa zimepangwa chini ya gari, kama mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, na wenyewe wamesimama peku katika umande.

"Nini hii?" aliuliza Sylvesta.

"Matairi, Ndugu Meneja," alisema Lengai. "Tumeyarudisha. Yafunge basi, mgonjwa anangoja."

Hapana aliyecheka. Meneja aliwatazama makarani wake, nao wakatazama chini. Mwisho akatoa ufunguo wa gari lake mfukoni, akamtupia Athumani.

Magurudumu yalikuwa ya kipimo kimoja. Magogo mengine yakaletwa, jeki ikapigwa, na miguu minne ikahama kutoka gari la karamu kwenda gari la wagonjwa. Petroli nayo ikanyonywa kwa mpira. Athumani akatia maji, akafunga betri, akang'oa tambara, akasema bismillahi. Injini ikakohoa mara mbili, ikawaka. Tluway akalazwa kitandani, Natalia akamshika mkono.

"Na langu?" Sylvesta aliuliza dirishani. "Nitakwendaje Arusha?"

"Limelala," alijibu mzee, akatia gia.

Alirudi kutoka hospitali alasiri. Kabla hajala alikwenda kwenye gari la meneja, akamwaga maji ya rejeta, akaliziba bomba la moshi kwa tambara la grisi, akalifunika turubai na kuzikaza kamba vizuri. Gari halikuwa na kosa. Ufunguo wake akautia mfukoni mwa kanzu, na mara hii hapana aliyenyoosha mkono kuuomba.