Kura za Waliokuwa Kanisani

Chama kilipanga mchujo wa wadi siku ya Jumamosi, na mimi Okemwa, karani wa kanisa la Wasabato hapa Isebania, nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Wiki ina siku saba, wao wakaona hiyo tu. Mgombea wetu alikuwa Boaz, fundi cherehani, muumini mwenzetu, mtu ambaye akikwambia suruali ni Jumatano, ni Jumatano. Alishindana na Masese, Mkatoliki mwenye duka la mabati na misumari. Watu wengi wa Boaz ni Wasabato, na hao hawangepiga kura kabla jua halijatua. Kituo kilikuwa kinafungwa saa kumi na moja.

"Tukishindwa kwa sababu ya Sabato, tushindwe," Boaz aliniambia Ijumaa akikunja vitambaa vyake. "Sitaki ajenti wa kunilindia kura kesho. Wewe nenda kanisani, ndugu."

Nikasema moyoni, huyu hataki kiti. Kwani Bwana mwenyewe hakuuliza, ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hutamtoa? Basi Boaz ndiye ng'ombe wangu. Asubuhi nilimdanganya mke wangu Nyaboke kwamba tumbo linanisokota. Alipoenda kanisani na watoto, mimi nikashika njia ya shule ya msingi kunakopigiwa kura. Barua ya uajenti nilikuwa nimeichukua kwa chama kisirisiri.

Sikutulia hata dakika moja. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Watu wa Masese walikuja kwa makundi, wakicheka, wakichovya vidole kwenye wino. Wetu hakuna. Kila mara karani alipofungua daftari la wapiga kura niliona majina ya kwetu hayajakatwa: Nyamusi, Mayaka, Nyaboke wangu. Ilikuwa inaniuma kama jino.

Saa nane ajenti wa Masese alitoka kwenda kula. Msimamizi wa kituo alikuwa nje akizozana na watu wa foleni. Ndani tulibaki mimi na Gordon, karani wa daftari, ambaye amemwoa binti ya dada yangu.

"Gordon," nikamwambia, "hawa wa kanisa hawaji. Na wangekuja, unajua wangempa nani."

"Mjomba, usinitafutie makuu."

"Nani ataibiwa? Kura ni zao, mgombea ni wao. Mimi nawasaidia tu kufika."

Akachukua rula na kalamu. Mimi nikawa nasoma majina, yeye anakata, halafu mimi natia alama kwa Boaz kwenye karatasi ya kura na kuitumbukiza sandukuni. Arobaini na tatu. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilijiona Danieli.

Saa kumi msimamizi akaingia na simu mkononi.

"Pasta Mayaka alikuwa ameandikia chama barua," alitangaza. "Wamekubali, na wamemtuma mtu kanisani kuwaambia. Wasabato watapiga kura baada ya jua kutua, mpaka saa mbili. Tusubiri."

Gordon alipauka. Mimi nikakalia dawati la watoto. Nilipiga simu ya Nyaboke. Imezimwa, ni Sabato. Ya Boaz, imezimwa. Jua lilipokaribia kutua nikatoka mbio hadi kanisani, mtu mzima na tai yangu, wanaobadilisha pesa pale mpakani wananiuliza, mzee unafukuzwa na nani? Niliwakuta waumini wanaimba wimbo wa kufunga Sabato. Nikasimama mlangoni. Ningesema nini? Msiende, nimeshawapigia? Pasta akaniona, akatabasamu.

"Pole na tumbo, ndugu Okemwa. Karibu tuombe, halafu twende pamoja."

Waliomba. Mimi macho wazi. Pasta aliombea nchi, akaombea wagombea wote wawili kwa majina, akaomba kila mtu apige kura kama mtu anayeonwa na Mungu. Niliona aibu, nikataka ardhi inimeze. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na maji yangu yalikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli.

Mimi nikatangulia kurudi, wao wakatembea hadi shuleni kwa utaratibu, nguo za Sabato mwilini, wakamtanguliza Mama Nyamusi kwa heshima ya umri wake. Boaz alisimama nyuma yake akimshika kiwiko. Ajenti wa Masese alikuwa amekaa, ameshiba.

Gordon akapekua daftari polepole sana.

"Mama, hapa inaonyesha umeshapiga."

"Mimi?" Mama Nyamusi akainua vidole vyake vyote kumi, vikavu, havina hata tone la wino. Kisha akaniona kwenye kona, uso wake ukafunguka. "Afadhali Okemwa yuko hapa. Karani wetu hasemi uongo. Mwanangu, waambie sijapiga."

Chumba kizima kikanigeukia. Nilimwona Nyaboke mlangoni, anaitazama barua ya uajenti mkononi mwangu.

"Hajapiga," nikasema. "Hakuna aliyepiga kati yao. Ni mimi niliwapigia. Wote."

Ajenti wa Masese akasimama, kiti kikaanguka. Msimamizi akamwita askari. Boaz alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nami nikamgeukia Mama Nyamusi, maana yeye ndiye niliyeweza kumtazama.

"Nisamehe, Mama. Yako nilimpa Boaz. Nilijua ndiye ungempa."

Mama Nyamusi akauachia mkono wa Boaz taratibu, akampapasa begani.

"Boaz ni mwanangu kanisani," akasema. "Lakini niliomba wiki nzima, Okemwa. Nilikuwa nimekuja kumpa Masese."